Usiseme ni ya Mreno mpaka uigeuze ndani: vile utajua umri na asili ya kofia au dirii ya vita ya zamani

Mjomba wangu anakaa Kibokoni, hapa Mji wa Kale wa Mombasa, na mwezi uliopita alikuwa akitoa vitu stoo mafundi wapige rangi, akakuta kofia ya chuma chini ya rundo la madebe. Simu yaja asubuhi hata mahamri sijamaliza, shikamoo mjomba, marahaba baba, njoo mbio kuna mali huku. Kufika nakuta baraza imejaa, mzee mmoja jirani ashakata hukumu kwamba hiyo ni ya Mreno, ya vita vya Ngomeni, yaani Fort Jesus, na kijana mwingine ashaanza kutafuta bei kwa simu, tena kwa dola. Mimi naiangalia nasema moyoni, hii si ndo ile bibi, Mungu amrehemu, alikuwa akiwanyweshea kuku maji?

Ilikuwa nini ntawaambia huko chini, kwanza njia. Mimi si msomi wa historia, mimi ni fundi wa vyuma, nachoma mageti na madirisha, ni karibu miaka 20 sasa, na watu huniletea vitu hivi manake wanajua chuma nakijua kwa mkono. Nshaona kofia, nshaona dirii za kifuani, yale mabamba ya chuma ya kukinga mwili vitani, nshaona fulana za pete za chuma, na nyingi nilizoletewa ziliitwa za Mreno na hazikuwa.

Kitu cha kwanza ni kutofanya kitu. Usisugue, usipake mafuta taa, usitie ndimu wala siki wala ile soda nyeusi watu wanasema yatoa kutu, na brashi ya waya weka mbali kabisa. Naongea hivi manake nshafanya hilo kosa mwenyewe. Kuna jamaa aliniletea bamba la kifua lina tundu pembeni, akitaka nizibe alitundike sebuleni, mimi nikafunga brashi ya waya kwenye grenda nikapitisha ndani na nje likang'aa kama sufuria mpya, na vile namalizia kwenye ukingo wa chini nikaona herufi nyembamba zilizochongwa zinapotea mbele ya macho yangu. Nilibaki na "Manuf" na kipande cha neno jingine. Baadaye ndo nikajua dirii za askari farasi wa Ufaransa wa karne ya 19 ziliandikwa hivyo, jina la kiwanda kama Klingenthal ama Châtellerault, na mara nyingi mwezi na mwaka juu yake. Yaani ile dirii ilikuwa imejiandikia cheti cha kuzaliwa, mimi nikakifuta kwa nusu dakika. Na yule jamaa alinilipa na akashukuru, hakujua, na wallahi sikuwa na ujasiri wa kumwambia siku ile.

Kwa hivyo vumbi litoe kwa brashi laini ya rangi iliyo kavu, basi. Piga picha nje, ndani, kingo, kila riveti, na weka rula ionekane kwenye picha. Pima uzito kwa mzani wa duka. Na uandike imepatikana wapi, nani aliitoa, ilikuwa karibu na nini, hii watu hupuuza lakini kofia iliyotoka kwenye ukuta wa nyumba ya zamani na kofia iliyonunuliwa kwa dalali ni habari mbili tofauti hata kama zafanana kama pacha.

Alafu igeuze. Watu wote huangalia nje, manake nje ndo kuna michoro na mng'ao, lakini mtu anayetengeneza ya uongo naye anajua hivyo hivyo, nje atajitahidi na ndani ataacha vile ilivyo. Ndani ndo kutakwambia nusu ya maneno.

Chuma kilichofuliwa kwa nyundo, cha kabla ya mashine za kupitisha shiti kuenea karne ya 18 na ya 19, hakina unene mmoja. Chukua kalipa, kama huna azima kwa fundi yeyote wa jua kali, pima sehemu 10 tofauti. Kofia ya kweli ya zamani utakuta utosini kuna unene wake na pembeni mwengine, na dirii ya kifua mara nyingi ni nene katikati pale risasi ama mkuki ungegonga na nyembamba kwapani, manake mhunzi hakuwa mjinga, uzito aliuweka pale penye faida. Ukikuta kila mahali ni sawasawa, ile geji 18 ama 16 ninayonunua mimi hapa kwa mageti, basi hiyo ni shiti ya kiwandani iliyokatwa ikakunjwa. Inaweza kuwa ya juzi, inaweza kuwa na miaka 100 na ushee, lakini askari wa 1600 hakuivaa. Ndani pia angalia alama za nyundo, zawa ni vishimo vipana visivyo na mpango, vimepishana. Vishimo vidogo vya duara vinavyofanana vyote, vimepangwa vizuri, hizo ni za mapambo, mtu alipiga kwa nyundo ya kichwa cha mviringo ili uamini.

Sasa maungo. Ukiona mstari wa kuchomelea, hata kama umesagwa ukalainishwa, maliza hapo hapo, kuchomelea kwa umeme na kwa gesi ni kazi ya mwisho wa karne ya 19 kuja huku, na kwa macho yangu naujua mstari huo hata chini ya rangi, chuma pale hushika kutu kwa rangi tofauti kidogo na jirani yake. Angalia labda ni kiraka cha baadaye, kama kile nilichotaka kuweka mimi, lakini kama ndo umeshikilia kofia nzima basi kofia ni ya kisasa. Riveti za zamani vichwa vyake havilingani, kimoja kimelala kimoja kimepanda. Skrubu nayo yasema sana: ya nyota ni ya miaka ya 1930 kuja mbele. Ya mfereji mmoja itoe kama yatoka bila kulazimisha uangalie meno, yakiwa yamechongwa kwa faili yasiyo sawa ni dalili nzuri, kabla ya Waingereza kuanza kusawazisha saizi za meno mnamo 1841 kila skrubu ilikuwa na tundu lake, ukibadilisha haziingiliani.

Kroma inayong'aa kama bampa, hiyo ni miaka ya 1920 kuja huku. Chuma kisichoshika kutu kabisa, karne ya 20.

Kutu pia ina lugha yake. Kutu ya miaka mingi ndani ya nyumba ni nyeusi nyeusi ya kahawia, imeshikamana, ukiipitisha ukucha haitoki, na imeingia zaidi pale maji hukaa, kwenye mikunjo na chini ya riveti. Kutu ya haraka ya chumvi na tindikali ni ya machungwa, imetapakaa kila mahali sawasawa kama imepuliziwa, ukigusa kidole chatoka na rangi. Na hapa kwetu kuna kitu lazima ukifikirie: hewa ya Mombasa ni chumvi na unyevu mwaka mzima, geti langu mwenyewe lisipopakwa rangi miaka mitatu lashaanza kumeguka. Sasa mtu akikwambia hii kofia imekaa hapa tangu 1600 bila mtu kuitunza na bado imenyooka yang'aa, muulize ilikaa kwenye friji?

Sumaku kila mtu anaijua lakini ina mtego mmoja. Isiposhika watu husema ah hii ni aluminiamu ama shaba, feki, tupa. Kofia za Waingereza za vita vya kwanza na vya pili vya dunia zilitengenezwa kwa chuma chenye manganizi nyingi na chuma hicho sumaku haikishiki, ama yashika kidogo sana. Kwa hivyo kofia pana ya chuma, nzito, na sumaku yateleza, hiyo si feki, huenda ndo yenyewe.

Haya, umbo. Mreno alikuwa pwani hii tangu Vasco da Gama kupita 1498, Ngome akaanza kuijenga 1593, akatolewa na Waomani Desemba 1698 baada ya kuzingirwa karibu miaka 3, akarudi kidogo 1728 akaondoka tena 1729. Hata neno chepeo latokana na kofia ya Kireno, lilibaki mdomoni kwetu wenyewe wakiondoka, na dirii tukalipata kwa Waarabu, ukitaka kujua nani kavaa nini hapa pwani hayo maneno mawili yakupa picha. Kofia ya askari wa Ulaya wa miaka kama 1550 hadi 1620 ina undu juu kama wa jogoo, ukitoka mbele kwenda nyuma, na ukingo wake umepinda juu mbele na nyuma ukachongoka kama mashua. Ukingo wenyewe umekunjwa, haukukatwa ukaachwa, na mara nyingi kunjo limechongwa kama kamba iliyosokotwa. Kuzunguka kichwa kuna safu ya riveti, zengine za shaba zina umbo la ua, hizo zilikuwa zikishika bitana ndani, kwa hivyo tafuta ndani mabaki ya ngozi ama kitambaa chini ya riveti hata kipande cha ukucha. Riveti zipo lakini ndani hazikutokeza? Zimegundishwa, pambo. Dirii ya kifua ya mwisho wa karne ya 16 imechongoka chini kwenye tumbo kama ganda la kunde, ya karne ya 17 ni fupi na bapa zaidi, na yengine ina kishimo kimoja cha risasi, hicho si cha vita, ni fundi alipiga risasi kuonyesha kwamba yahimili.

Lakini sikiza, kofia ya undu haimaanishi Mreno. Mhispania alivaa, Mwitaliano, Mjerumani, na kazi nyingi ilitoka miji ya mafundi, Augsburg walikuwa wakipiga muhuri wa tunda la msonobari, Nuremberg herufi N ndani ya duara, vidogo hivyo, kama punje ya mtama, mara nyingi karibu na ukingo. Tochi ilaze pembeni, usimulike kutoka juu, kivuli ndo kitaonyesha. Na kuna za ukumbusho kutoka Toledo, Hispania, karne ya 20, nyembamba, zimejaa michoro ya mashujaa, hizo baharia na watalii wamezibeba dunia nzima. Yaani ilitengenezwa wapi, ilivaliwa na nani, na ilifikaje Mombasa, hayo ni maswali matatu, usiyajibu kwa neno moja.

Kwa maoni yangu vitu vya Uhindi na Uajemi ndo vyafaa kuangaliwa zaidi hapa kwetu, manake majahazi yalikuwa yakija na kaskazi kila mwaka na watu wanasahau hilo wanamkimbilia Mreno. Kofia ya mviringo kama bakuli, ina mwiba juu, kipande cha kulinda pua kinachopanda na kushuka, vishikizo viwili vya manyoya mbele, na pazia la pete za chuma linaloning'inia shingoni. Ziko za vita na ziko nyingi sana za karne ya 19 zilizotengenezwa kwa maonyesho na kuuzwa. Kuzitofautisha, shika pete moja. Moja tu, kwa kioo cha kukuzia ama kamera ya simu. Pete ya vita ncha zake mbili zimepigwa bapa zikalaliana na kariveti kadogo kamepita katikati, utaona kichunusi, kwa za Ulaya mara nyingi kichunusi kiko upande mmoja tu, za Uhindi na Uajemi huwa kaonekana pande zote mbili. Za Uhindi pia huwa na safu ya pete zenye riveti ikifuatiwa na safu ya pete nzima zisizo na kiungo. Pete ambayo ncha zake zimekutana tu, hazikufungwa, waweza kuifungua kwa koleo, hiyo upanga ungeipasua kama uzi, ni ya mapambo ama ya kuvaliwa kwenye sherehe.

Maandishi ya herufi za Kiarabu nayo. Wewe uliyesoma chuoni, madrasa, una faida ambayo mzungu wa mnada hana, jaribu kuyasoma. Yakiwa ni aya ama dua ama jina, yatasomeka, hata kama kwa shida. Yakiwa ni mikunjo mikunjo yenye nukta zimetupwa ovyo, aliyechora hakujua kusoma. Dhahabu yake usiikwangue, angalia pale ilipochakaa yenyewe, kama chini yake kuna mikwaruzo midogo iliyopishana kama wavu, hiyo dhahabu ilipigwa kwa nyundo ikashikwa na ile mikwaruzo, kazi ya mkono. Chini kukiwa laini, ni rangi. Na ukikuta mwaka usirukeruke, nshaona mtu ana 1120 kwa tarakimu za Kiarabu akatangaza ana kitu cha miaka 900. Hiyo ni Hijria. Zidisha kwa 0.97 ujumlishe 622 utapata karibu 1708, bado ni ya zamani lakini si enzi za Salahuddin.

Ngao ntapita haraka. Ndogo ya mviringo ya ngozi nene ngumu, saizi ya sahani, fikiria Oman. Kubwa ndefu ya ngozi ya nyati, fikiria bara, Wamaasai na majirani zao. Ya mviringo yenye vifundo vinne mbele, Uhindi, na hapo geuza tena, kila kifundo lazima kitokee nyuma na pete ya kushika mkono, kama nyuma ni bapa hakuna kitu, hiyo ilizaliwa kutundikwa ukutani.

Ukikuta imetoka baharini, habari yabadilika kabisa. Chuma cha baharini huja kimevaa mchanga, magamba na matumbawe, donge tu, na ukikiacha kikauke juani chumvi ndani yake yaganda na kukipasua vipande vipande, nshaona kipande kikimeguka kama biskuti ndani ya wiki. Usikigonge kutoa donge, mara nyengine chuma kishaisha ndani umebaki umbo tu kama kibuyu kitupu. Kirudishe kwenye ndoo ya maji ya bahari hiyo hiyo, funika, peleka Ngomeni. Pale Fort Jesus wana vitu vya ile meli ya Mreno, Santo António de Tanna, iliyozama mbele ya Ngome 1697 na kuchimbuliwa kati ya 1977 na 1980, kwa hivyo kuna waliokwisha kuona kazi hii.

Na kuna sheria, ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006, ukivumbua kitu cha kale una siku 7 kutoa taarifa kwa Makumbusho na useme umekipata wapi hasa. Kilichotoka ardhini ni mali ya serikali. Cha urithi wa nyumbani ni habari nyengine, lakini kitu kilichotengenezwa ama kuletwa Kenya kabla ya 1895 huwezi kukitoa nje ya nchi bila kibali, kwa hivyo yule anayekwambia nitumie kwa posta ntakulipa dola, achana naye.

Sasa kofia ya mjomba. Nikaigeuza. Hakuna undu, hakuna ukingo uliochongoka, ni bakuli lenye ukingo mpana limezungukwa na utepe mwembamba wa chuma. Unene sawasawa, kazi ya mashine. Utosini riveti moja, na chini yake kipande cha kitu cheusi kimekauka kama mpira. Rangi ya kijani iliyochakaa ndani ya ukingo pale kuku hawakufika. Na nyuma kwenye ukingo, matundu matatu madogo yamepangwa. Mzee jirani akasema hayo bibi alitoboa kwa msumari aitundike. Nikampa kioo, nikamwambia mzee hebu tazama, msumari huacha mdomo upande wa pili, haya matundu ni safi pande zote, yametobolewa na mashine. Kofia za mtindo wa Kiingereza zilizotengenezwa Afrika Kusini vita vya pili zina matundu matatu nyuma, na wanajeshi wa Afrika Kusini walishukia hapa hapa Mombasa 1940 kwenda kupigana na Waitaliano huko Somalia na Uhabeshi.

Baraza ikanyamaza. Mjomba akaishika akaizungusha, akaniuliza, kwa hivyo haina pesa? Nikamwambia ina pesa kidogo, si ya kununua plot. Akafikiri, akasema babu yangu mimi, baba yake yeye, alikuwa akibeba mizigo Kilindini wakati huo wa vita, na kwamba kulikuwa na askari mmoja aliyekuwa akija kunywa kahawa pale mtaani, mambo ambayo mimi sijawahi kuyasikia maisha yangu yote. Nikatoa simu nikarekodi. Kofia iko juu ya kabati sasa, haijasafishwa, na yule mzee jirani bado akipita na wageni anawaonyesha dirishani, ya Mreno ile.